Visiwa Saba kwa Siku Kumi na Sita: Rafiki Yangu Hasikii, Mama Hataki

Dada, assalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, nina miaka 27. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiweka akiba, mshahara kidogo na pesa za twisheni kidogo, ili nikaone visiwa vya Thailand kwa macho yangu. Rafiki yangu niliyeanza naye darasa la kwanza naye ameweka zake. Tumekubaliana kwenda mwanzo wa Desemba shule zikishafungwa, siku kumi na sita, begi mgongoni, bila kampuni ya utalii. Nikiondoa tiketi ya ndege, viza na bima, nitabaki na shilingi 80,000 za kutumia kule. Rafiki yangu ana kiasi hicho hicho.

Shida ni kwamba tunataka safari mbili tofauti. Yeye ameshaandika ratiba: Bangkok, kisha Samui, Phangan, Tao, Phuket, Phi Phi, Lanta na Lipe. Visiwa saba! Anataka ile sherehe ya mwezi mpevu ya Phangan, na anasema tukodishe pikipiki kila tunaposhuka. Mimi nataka bahari, nilale, nisome kitabu, nile chakula cha halali bila kuuliza maswali mia. Nikimwambia pesa hazitoshi anasema mimi ni mwoga tangu utotoni. Juzi tulikasirikiana, na tangu siku hiyo tunaandikiana kwa mkato mkato.

Halafu kuna Mama. Amesikia habari za vijana wetu walioahidiwa kazi Thailand wakajikuta wamefungiwa Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Kila nikitaja safari ananyamaza, au anainuka aende jikoni. Sitaki kuondoka bila radhi yake.

Je, pesa zangu zinatosha? Na hawa wawili nizungumze nao vipi?

Mwalimu, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam, mdogo wangu.

Pesa zako zinatosha. Kwa viwango vya sasa baht moja ni kama shilingi nne za Kenya, kwa hivyo 80,000 zako ni karibu baht 20,000. Mtu mmoja anaweza kukaa kusini mwa Thailand siku kumi na sita kwa kiasi hicho na akala vizuri. Kisichowezekana ni kufuata ratiba ya rafiki yako kwa pesa hizo, na sababu si uoga wako. Wengi wanaosafiri kwa bajeti ndogo hubana chumba na chakula, halafu nauli za kuhama kisiwa hadi kisiwa zinawamaliza. Kulala kule ni rahisi, kula ni rahisi. Kuhamahama ndiko ghali.

Nianze na bahari, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia kuzungumza na rafiki yako bila kugombana. Ninyi ni watoto wa pwani, kaskazi na kusi mmezijua tangu mkiwa wadogo. Pepo hizo hizo ndizo zinazotawala kule. Kusini mwa Thailand ni rasi nyembamba yenye maji pande mbili: magharibi kuna Bahari ya Andaman, ambayo ni sehemu ya Bahari Hindi, na mashariki kuna Ghuba ya Thailand. Kusi inapovuma, takriban Mei hadi Oktoba, mvua na mawimbi huiangukia Andaman, yaani Phuket, Phi Phi, Lanta na Lipe. Kaskazi inapoingia hupita kwanza juu ya maji ya Ghuba, ikabeba unyevu na kuumwaga Samui, Phangan na Tao. Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi yao ya mvua kubwa, na Novemba kwa kawaida ndiyo mbaya kuliko yote. Wakati huo huo upande wa Andaman uko nyuma ya milima ya rasi, mvua zimekatika na maji yametulia.

Mnasafiri mwanzo wa Desemba. Basi Samui, Phangan na Tao viondoeni kwenye ratiba, vyote vitatu, bila huruma. Angekuwa anauliza mtu wa likizo ya Agosti ningemwambia kinyume kabisa: aiache Andaman, aende Ghuba. Lakini kwenda Phangan Desemba ni kununua tiketi ya boti inayoweza kuahirishwa kwa mawimbi huku chumba cha kisiwa kinachofuata mmeshakilipia. Hata sherehe yenyewe ya ufuo wa Haad Rin haimfai mtu wa mfuko mdogo: siku hizo vyumba hupanda bei, na sehemu nyingi hukulazimisha kulipia usiku kadhaa mfululizo hata kama unataka mmoja.

Zaidi ya hayo, kuvuka kutoka Ghuba hadi Andaman ni feri, kisha basi, kisha boti nyingine. Siku nzima inaishia njiani. Na Lipe, ingawa iko upande mzuri, iko mbali kusini karibu na mpaka wa Malaysia. Boti ya kutoka Lanta pekee ni zaidi ya baht 1,000 kwa mtu. Kisiwa kizuri sana, lakini kiachieni safari nyingine.

Sasa nikwambie mimi ningepita wapi.

Kutoka Bangkok nendeni Krabi, upande wa Andaman. Kuna basi la usiku kutoka kituo cha mabasi ya kusini, safari ya kama saa kumi na mbili, na kuna ndege za bei nafuu kutoka uwanja wa Don Mueang. Angalieni: ndege nyingi za kutoka kwetu hutua Suvarnabhumi, uwanja mwingine kabisa upande wa pili wa jiji. Kuna basi la bure kati ya viwanja hivyo kwa mwenye tiketi ya kuunganisha, ila wekeni saa nyingi katikati, foleni za magari za Bangkok si mchezo. Ndege hizo za bei nafuu zinakuruhusu kilo 7 tu mkononi. Begi likizidi utalipishwa pale mlangoni, na ile nafuu yote imekwisha. Pakieni kwa mizani ya nyumbani.

Krabi mjini laleni usiku mbili. Ni mji wa kawaida wa watu wanaofanya kazi zao, bei zake ni za wenyeji, na mwisho wa wiki kuna soko la usiku la vyakula. Kutoka hapo panda songthaew, lile pikapu lenye mabenchi mawili nyuma, hadi Ao Nang, kisha mashua ya mbao yenye mkia mrefu hadi Railay kwa baht 100 hivi. Huondoka ikijaa. Railay si kisiwa, lakini majabali ya chokaa yameizunguka hata hakuna njia ya gari, na ukishuka pale majini utaelewa kwa nini watu husafiri nusu ya dunia kuja kuyaona. Nendeni asubuhi, rudini jioni, msilale huko: chumba cha Railay ni bei ya vyumba viwili vya Krabi.

Halafu Ko Jum. Kisiwa kidogo kati ya Krabi na Lanta, wengi huipita tu wakiwa kwenye feri. Wenyeji huvuka kwa mashua kutoka gati ya Laem Kruat kwa takriban baht 100, nanyi vukeni nao hapo hapo. Kuna kijiji cha wavuvi Waislamu, msikiti, vibanda vya mianzi ufukweni, na jioni hakuna la kufanya isipokuwa kutazama jua likizama. Ulisema unataka kulala na kusoma kitabu. Hapo ndipo.

Kutoka Jum, msimu huu, feri ya kwenda Lanta husimama baharini na mashua ya kijiji inakupelekeni kuipanda. Ko Lanta ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pote, karibu wiki nzima. Nina sababu. Kwanza, gari linafika: vani kutoka Krabi huvuka kwa feri ya magari na kisha daraja lililofunguliwa 2016, saa mbili au tatu, kwa hivyo hata boti zikisimama hamkwami. Pili, fuo zake za magharibi zimepangana kutoka Khlong Dao kaskazini hadi Kantiang kusini, na kadiri unavyoshuka kusini ndivyo watu wanavyopungua. Khlong Khong na Khlong Nin bado unapata kibanda chenye feni kwa baht 500 au 700. Tatu, na hili ndilo litakalomtuliza Mama, wakazi wengi wa Lanta ni Waislamu. Utasikia adhana. Wanawake wanaokuuzia chakula wamevaa ushungi kama wewe. Upande wa mashariki kuna mji wa zamani wenye nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo baharini, ambako wafanyabiashara wa Kichina, Waislamu wa asili ya Kimalay na Urak Lawoi, watu wa bahari waliokuwepo kabla ya wote, wameishi pamoja miaka mingi. Tengeni siku moja kamili kwa mji huo. Wageni wengi huupa saa moja, wakapiga picha, wakarudi ufukweni, na wanajinyima jambo kubwa.

Mkitoka ufukweni kuingia vijijini vaeni nguo za heshima. Wenyeji wanalithamini hilo. Na kuogelea umevaa vazi lako la kujisitiri hakuna atakayekushangaa, wanawake wa pale wenyewe huingia majini hivyo hivyo.

Kisha mpe rafiki yako Phi Phi, usiku mbili. Nakuomba usilikatae hili. Boti kutoka Lanta ni baht 400 hadi 500. Phi Phi ina muziki, ina vijana wa kila nchi, atacheza hadi alfajiri kama anataka. Wewe tafuta chumba mbali na katikati ya Tonsai, kijiji kikuu cha Phi Phi, maana ngoma za pale hazijali aliyelala, na kubali kwamba chumba hicho kitakuwa ghali kuliko cha Lanta. Ghuba ya Maya, ile ghuba ndogo ya huko Phi Phi iliyofungwa Juni 2018 kwa sababu miamba ya matumbawe ilikuwa inakufa kwa wingi wa watalii na boti, ikafunguliwa tena Januari 2022, itakuwa wazi mwezi huo. Hufungwa Agosti na Septemba kila mwaka. Mgeni hulipa baht 400 za hifadhi, na kuogelea ndani ya ghuba hakuruhusiwi, unaingiza miguu tu. Mimi naona sheria hiyo ni ya haki kabisa. Papa wadogo wenye mapezi meusi wamerudi kwa sababu watu walizuiwa.

Kutoka Phi Phi mnarudi Krabi kwa boti, mnapanda basi au ndege ya Bangkok, na safari imekamilika. Visiwa vitatu, bahari moja. Ratiba ya rafiki yako ingewapa vituo vya boti saba na mabega yanayouma.

Hesabu yake iko hivi, ya mtu mmoja. Chumba cha feni cha baht 600 mkigawana ni 300 kila mmoja, mara usiku kumi na tano ni 4,500. Watu wawili, msikimbilie mabweni ya hosteli: vitanda viwili vya bweni mara nyingi vinafikia bei ya chumba chenu wenyewe chenye mlango na kufuli. Chakula baht 300 kwa siku ni 4,800. Bangkok hadi Krabi na kurudi wekeni 2,500. Vani na boti zote za visiwani 2,000. Safari moja ya boti ya siku nzima pamoja na ada za hifadhi, 2,000 nyingine. Jumla 15,800. Zinabaki baht 4,200, na hizo ni za dharura. Usizihesabu kama pesa za zawadi za nyumbani.

Hiyo safari ya boti ichukulieni Lanta. Zipo zinazozunguka visiwa vinne vya upande wa mkoa wa Trang, na kikubwa ni Ko Mook, ambako unaogelea ndani ya pango lenye giza unamfuata mwongozaji mwenye tochi, kisha unatokea kwenye ufuo mdogo uliozungukwa na kuta za mawe na miti, na anga juu yako. Huliita Pango la Zumaridi kwa rangi ya maji yake. Kama mna uwezo wa kulipia starehe moja tu katika safari nzima, lipieni hiyo. Ulizeni kwanza kama bei ina chakula na ada ya hifadhi, maana mara nyingine ada hudaiwa mkiwa tayari baharini. Na losheni ya jua msome kopo lake: tangu 2021 zile zenye kemikali zinazodhuru matumbawe, kama oksibenzoni, zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi za bahari.

Chakula ndicho kitakachokufurahisha kuliko unavyodhani. Krabi na Lanta utakuta khao mok kai, ambayo ni biriani ya kule: wali wa manjano, kuku aliyepikwa humo humo, vitunguu vya kukaanga juu, na mchuzi wa kijani wenye nanaa na uchachu kando. Kuna massaman, mchuzi mzito wa tui la nazi wenye viazi, karanga, mdalasini na iliki. Upishi wa Waislamu wa Thailand uliopendwa na nchi nzima. Asubuhi kuna roti, unga unarushwa na kutandazwa mpaka uwe mwepesi kabisa, ukakaangwa na kuliwa na mchuzi. Usiku wanaijaza ndizi na kumwagia maziwa mazito. Sahani nyingi za vibandani ni baht 50 hadi 80. Mkahawa ulio ufukweni wenye taa za rangi na menyu ya Kiingereza hukutoza mara mbili au tatu ya hapo kwa chakula kile kile, basi tembeeni hadi barabarani wanakokula wenyeji.

Tafuta alama ya halali yenye maandishi ya Kiarabu na Kithai, inayotolewa na Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Iko hata kwenye vyakula vya madukani vya 7-Eleven. Bangkok na Phi Phi ndipo penye kuuliza, kwa sababu nguruwe huko huingia katika vitu usivyovitarajia, hata supu. Sema «mai kin mu», sili nguruwe. Maji ya kunywa, beba chupa yako: kuna mashine mitaani zinazokujazia lita moja kwa baht moja hivi.

Pesa zenyewe, shilingi usiende nazo. Badilisha dola hapa nyumbani, noti safi za mia mia, uzibadilishe kwa baht mjini Bangkok kwenye vibanda vya fedha, si uwanja wa ndege. ATM za kule humkata mwenye kadi ya nje baht 220 au zaidi kila anapotoa, na benki yako nayo hukata yake. Ukilazimika kutumia kadi, toa kiasi kikubwa mara moja kuliko kidogo mara nne.

Pikipiki. Hapa niko upande wako, na sitapunguza maneno. Kukodisha ni baht 200 au 250 kwa siku, na hakuna atakayewauliza leseni dukani. Leseni itaulizwa na polisi barabarani, na itaulizwa na kampuni ya bima mkiwa hospitali. Asiye na leseni ya pikipiki pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha, bima yake haimlipi, na hospitali binafsi za visiwani ni ghali mno. Barabara za Lanta kusini zina miinuko mikali na mchanga kwenye kona. Kama rafiki yako ana leseni halali ya pikipiki, avae kofia, na asiache pasipoti kama dhamana, hata wakisisitiza. Waachieni pesa taslimu au nakala. Kama hana, hakuna pikipiki. Tumieni songthaew, bajaji za pale, na miguu.

Na bahari pia iheshimuni. Bendera nyekundu ikiwa ufukweni, msiingie. Boti ikiwa haina maboya ya kutosha ya kujiokoa, shukeni. Julai 2018 boti ya watalii iitwayo Phoenix ilizama karibu na Phuket katika hali mbaya ya hewa, watu 47 wakafa. Mtaona pia mabango ya njia za kukimbilia milimani: ni kwa sababu ya tsunami ya Desemba 26, 2004, ile iliyofika hadi pwani yetu. Mkifika hoteli mpya, tazameni njia hiyo inaelekea wapi. Dakika moja inatosha.

Sasa Mama.

Mama yako hakosei, na usimwambie kwamba anaogopa bure. Utapeli huo ni wa kweli. Vijana wa Kenya wameahidiwa kazi za mauzo au huduma kwa wateja Thailand, wakapokelewa Bangkok na watu wenye magari, wakapelekwa kaskazini-magharibi hadi Mae Sot na kuvushwa mto kuingia Myawaddy, Myanmar. Mwaka 2025 baadhi ya Wakenya walirudishwa nyumbani kutoka huko. Mwambie Mama tofauti iko wapi, na umwonyeshe: hakuna aliyekulipia tiketi, hakuna aliyekuahidi kazi, hakuna wa kukupokea uwanjani, na njia yako inaelekea kusini baharini wakati Mae Sot iko mamia ya kilomita upande mwingine. Mpe nakala ya tiketi ya kurudi, pasipoti, bima, na majina ya sehemu mtakazolala kwa tarehe. Mwandikie namba ya polisi wa watalii, 1155, na umwambie Kenya ina ubalozi Bangkok. Kubalianeni saa ya kumpigia kila siku. Thailand iko mbele yetu kwa saa nne, kwa hivyo baada ya isha yenu, kwake ni alasiri.

Mwambie na hili: hutabeba mzigo wa mtu. Hata zawadi iliyofungwa, hata «mpelekee shangazi yangu Bangkok». Wako wasichana wa Afrika Mashariki waliotumiwa hivyo kupitisha dawa za kulevya, na adhabu za Thailand ni kali mno.

Usimlazimishe akujibu siku hiyo hiyo. Mpe karatasi hizo, ukae naye, umwache azisome. Na kama ana mjomba au kaka anayemwamini, mwombe akae naye pia.

Kwa sababu ya utapeli huo huo, jiandaeni kuulizwa maswali uwanjani, hapa na kule. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza kabla ya kuondoka. Huombwa mtandaoni na hushughulikiwa na ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Ofisa wa uhamiaji Bangkok ana haki ya kutaka kuona una baht 20,000 au thamani yake, kwa hivyo wekeni dola hizo mkononi, si ndani ya begi lililoingia chini ya ndege. Cheti cha homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, na chanjo huhesabiwa baada ya siku kumi, msingoje wiki ya mwisho. Mkitua, pitieni kwanza kaunta ya afya, ndipo mpange foleni ya uhamiaji. Wengi hurudishwa nyuma baada ya kusimama saa nzima. Tangu Mei 2025 kuna pia kadi ya kidijitali ya kuwasili, TDAC, inayojazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayowadai pesa kwa kadi hiyo si ya serikali.

Nimalizie na rafiki yako. Usimwandikie. Mwende mahali mkae, mnunue madafu, na umpe kalamu. Mwambie aandike nauli ya kila boti katika ratiba yake, moja baada ya nyingine, pamoja na gari la kufika gatini na gari la kutoka gatini. Usimhubirie, aiandike mwenyewe kwa mkono wake. Kisha umwonyeshe upepo. Yeye ni mtu wa pwani, kaskazi haitamshinda kuelewa. Mpe Phi Phi kabla hajaiomba, useme kwa dhati kwamba unataka afurahi. Halafu kubalianeni mambo ya pesa mkiwa bado hapa: chumba na vani kutoka mfuko mmoja mnaochangia sawa, mengine kila mtu kwa pesa zake, na hakuna kukopeshana zile 4,200 za dharura isipokuwa kwa ugonjwa.

Akikataa kabisa, akashikilia Phangan, basi ni bora ujue sasa, na kila mmoja achague tarehe na mwenzake wa safari mwingine. Lakini zungumzeni wiki hii. Maombi ya viza yatataka tiketi na mahali pa kulala, kwa hivyo ratiba lazima iwe moja kabla yeyote kati yenu hajaanza kujaza fomu. Na chagueni vyumba vinavyoweza kufutwa bila malipo, mpaka viza zote mbili zitoke.